Kutu, Zinki na Safari ya Elektroni

Msumari wa chuma ukishika kutu, uzito wake huongezeka, mradi kutu hiyo isibanduke. Jambo hilo dogo liliwasumbua wanakemia wa karne ya 18. Wafuasi wa Mjerumani Georg Ernst Stahl walifundisha kwamba metali inapochomwa hutokwa na kitu kiitwacho flojistoni. Kama inatokwa na kitu, mbona inazidi kuwa nzito?

Antoine Lavoisier wa Paris aliikabidhi mizani swali hilo. Mwaka 1774 alitia bati, metali inayotumika kulehemia, ndani ya chombo cha kioo, akakiziba kabisa na kukipasha moto hadi sehemu ya metali ikageuka unga. Alipopima, uzito wa jumla ulikuwa uleule. Alipofungua chombo, hewa ya nje ikaingia kwa kasi, na hapo ndipo uzito ulipopanda. Unga ulikuwa umemeza sehemu ya hewa, ambayo baadaye aliiita oksijeni. Uoksidishaji basi ukawa kuungana na oksijeni.

Maana hiyo ilitosha kwa msumari na mkaa, si kwa sodiamu. Sodiamu iliyoyeyushwa ikiingizwa katika gesi ya klorini huwaka mwali wa manjano na kuacha chumvi nyeupe, ile ya mezani. Oksijeni haimo kabisa, ilhali tukio ni la aina ileile.

Ufumbuzi ulipatikana baada ya J. J. Thomson kugundua elektroni mwaka 1897. Atomi ya sodiamu hupoteza elektroni moja, klorini ikaipokea; magnesi inayoungua hewani hupoteza mbili kwa kila atomi. Siku hizi kuoksidika ni kupoteza elektroni, na kwa kuwa elektroni lazima ipokelewe, kila uoksidishaji huandamana na ridaksheni, yaani kupokea elektroni.

Metali hazilingani katika kutoa elektroni. Mwaka 1824 Humphry Davy alipachika vipande vya zinki na chuma kwenye shaba iliyofunika matumbo ya merikebu za kivita za Uingereza. Metali hizo zikaliwa na maji ya bahari, shaba ikapona. Ila shaba isiyoliwa haikutoa tena sumu yake majini, na magugu na viumbe vya magamba vikaizonga. Merikebu zikawa nzito, mpango ukaachwa.

Kanuni yenyewe imebaki juu ya paa zetu. Mabati ya kuezekea ni chuma kilichopakwa zinki. Yakikwaruzwa, zinki ya kando hutoa elektroni kabla ya chuma. Unga mweupe huonyesha zinki inaliwa. Wekundu huonyesha imekwisha, na mwambao wenye hewa ya chumvi huuharakisha. Fundi hapigilii hapo msumari wa shaba, maana metali hiyo ingelifanya bati lililo kando yake lioksidike upesi zaidi.