Vinasaba na Nasaba: Babu, Bibi na Mjukuu Aliyepotea

 



Nimetakiwa niseme machache juu ya jambo ambalo zamani halikuulizwa msikitini, na siku hizi huulizwa mara kwa mara: je, yafaa babu au bibi apimwe mwili wake, ili ijulikane kama mtoto fulani ni mjukuu wake kweli? Kipimo chenyewe huitwa DNA, na wataalamu wa lugha yetu wamekiita kile kinachopimwa vinasaba. Jina hilo wamelichonga kutoka nasaba, neno tulilolizoea siku zote, na hapo ndipo wengi wanapoteleza. Kinasaba ni kitu cha mwili. Nasaba ni haki iliyowekwa na sheria. Viwili hivi hufuatana mara nyingi, lakini si kitu kimoja.

Kwanza tufahamu kazi ya kipimo. Fundi hupitisha pamba ndani ya shavu la mtu, basi, wala hapana maumivu. Kila mtoto hupokea nusu ya vinasaba vyake kwa baba na nusu kwa mama. Kwa hiyo kwa kila babu na kila bibi hupata kadiri ya robo, na robo hiyo haipimwi kwa pishi, huweza kuzidi kidogo au kupungua. Ndiyo sababu jawabu linalotokana na babu peke yake huwa dhaifu kuliko jawabu linalotokana na baba mwenyewe. Wakipimwa babu na bibi pamoja, na mama wa mtoto akiwapo, jawabu hupata nguvu sana. Ziko pia njia mbili nyembamba zisizochanganyika: alama ya kiume, itokayo kwa babu mzaa baba ikaenda kwa mwanawe na kwa mjukuu wake wa kiume, na alama ya kike, ambayo kila mama huwapa watoto wake wote, hata bibi mzaa mama akatambulikana kwa wajukuu wa kiume na wa kike. Lakini angalieni: alama ile ya kiume ni moja kwa ndugu wote wa baba mmoja. Itasema kwamba mtoto huyu ametoka katika ukoo huu. Haitasema kama ni mwana wa kaka au wa mdogo wake.

Waliowasukuma mabingwa watafute kipimo cha bibi na mjukuu hawakuwa matajiri wala mahakimu, bali akina bibi wa nchi ya Ajentina. Huko, chini ya utawala wa kijeshi wa mwaka 1976 hata 1983, watu wengi walichukuliwa wasionekane tena, na watoto wao wachanga wakapewa watu wengine na kubadilishwa majina. Mwaka 1977 akina bibi hao wakafanya chama, wakaenda kuwauliza wataalamu wa nchi za nje: ikiwa baba na mama wamekufa, je, damu yangu mimi bibi yaweza kumtambua mjukuu wangu? Miongoni mwa waliowajibu ni Mary-Claire King wa Marekani, na mwaka 1984 hesabu zake zikaanza kutumika. Mwaka 1987 serikali ikaweka hazina ya kuhifadhi damu za jamaa hao, ili hata bibi akifariki, mjukuu akija nyuma apate cha kulinganishwa nacho. Hata mwaka 2025 khabari za wajukuu 140 zilikuwa zimekwisha kubainika.

Nimekwenda mbali kwa sababu ya karibu. Sisi wa huku hatuhitaji kuelezwa maana ya mtoto aliyepotea. Katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, na katika safari za kuvuka Rusizi kwenda Bukavu mwaka ule, na katika vita vya mwaka 1996 vilivyotawanya makambi, watoto walitengana na wazazi wao kwa maelfu. Wengine walipatikana kwa orodha na picha za Msalaba Mwekundu. Wengine waliokotwa na watu wema, wakapewa majina mapya, wakakua bila ya kujua kilima walichozaliwa. Aliyekuwa na miaka mitatu siku zile amekwisha vuka 30. Baba na mama hawapo. Aliyebaki ni bibi, na bibi naye amechoka.

Sheria yasemaje? Sahaba Saad bin Abi Waqqas alimdai kijana mmoja wa Makka kuwa ni mwana wa nduguye Utba, ambaye alikuwa amekufa na kumwusia hivyo. Abd bin Zamaa akapinga, akasema kijana ni ndugu yake, amezaliwa katika kitanda cha baba yake. Mtume (S.A.W.) aliona wazi kwamba kijana anafanana na Utba, na juu ya hayo akahukumu kuwa ni wa mwenye kitanda; kisha akamwamrisha mkewe, Bibi Sauda binti Zamaa, ajisitiri mbele yake. Tazameni hekima hiyo: nasaba haikubomolewa kwa mfanano, wala mfanano haukudharauliwa. Na siku nyingine Mujazziz, mjuzi wa kusoma maumbile, aliona miguu ya Zaid na mwanawe Usama, mmoja mweupe na mwingine mweusi, akasema imetokana. Mtume akafurahi, kwani waliokuwa wakimsema Usama walinyamazishwa.

Juu ya misingi hiyo, Baraza la Fiqhi la Rabita lilikutana Makka mwezi wa Januari 2002, likaruhusu kipimo hiki pale nasaba isipojulikana na watu wakagombana, watoto wanapochanganyika hospitalini, na wanapopotea kwa ajali, maafa au vita. Basi bibi anayemtafuta mjukuu wa mwaka 1994 mlango wake u wazi, na mimi naona ni jambo la thawabu kumsaidia nauli. Wala hapana haja ya kwenda Ulaya. Kigali iko maabara ya serikali, ambayo leo huitwa Rwanda Forensic Institute.

Lakini Baraza hilo hilo limekataza kipimo kutumiwa kukagua nasaba iliyokwisha thibiti, au kushika mahali pa liani. Na liani ni ya mume peke yake. Babu hana liani. Mzee anayengoja mwanawe azikwe, kisha akachukua unywele wa mjukuu kwa siri apate kumfukuza katika shamba, huyo hatafuti ukweli. Anamsingizia mkwewe zinaa, na uzito wake katika Kurani mnaujua.

Na wanaokwenda kupima kwa tamaa ya mirathi wajue pia hili: katika faraidhi, mjukuu ambaye baba yake amekufa kabla ya babu huzuiwa na ami zake walio hai, hata karatasi ya maabara iseme nini. Dawa yake ni babu kumwandikia wasia katika theluthi, naye yu hai. Kadhalika mtoto wa nje ya ndoa kipimo hakimtii katika nasaba ya baba kwa kauli ya wanazuoni walio wengi. Lakini chaweza kuwaepusha ndugu wa damu wasije kuoana pasipo kujua, na kwetu mpakani, ambako mtu huwa na nyumba Bukavu na nyumba Kamembe, hofu hiyo si ya kuchekwa.

Nawaomba wazee wenye kutafuta wasingoje. Bibi akizikwa, ushahidi alio nao mwilini huzikwa pamoja naye. Asiyeweza safari leo, na akae na mwanawe au jirani, aandike majina ya waliopotea, kilima chao, mwaka, alama zao za mwilini na nani aliyewaona mwisho. Watie sahihi mashahidi wawili, na nakala moja ikae kwa imamu wa msikiti wake.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.