Mvuke wa Petroli Unapovuja Garini

Mazungumzo yetu ya leo yanawahusu hasa wenzetu mnaoishi Marekani, ambako mtu asiye na gari mara nyingi hana njia ya kufika kazini. Wengi wenu mmekwisha kuiona taa ile ya manjano yenye umbo la injini ikiwaka katika dashibodi, ilhali gari laenda vizuri, halitetemeki wala halipungui nguvu. Taa hiyo ina sababu nyingi, lakini mojawapo iliyo ya kawaida mno ni kuvuja kwa mvuke wa petroli.

Petroli haina subira. Hugeuka mvuke hata gari likiwa limeegeshwa, na jua la mchana huzidisha hali hiyo. Zamani mvuke huo uliachwa upae, nao huko hewani husaidia kuzalisha ozoni ya karibu na ardhi, ambayo hudhuru mapafu. Jimbo la California lilianza kudai kwamba magari mapya yauzuie mnamo mwaka 1970, na serikali kuu ikafuata mwaka 1971. Tokea hapo tangi limefungwa, na mvuke huelekezwa katika kopo lililojaa mkaa maalumu unaounasa. Injini ikishapata moto, vali moja hufunguka, mvuke ukavutwa na kuunguzwa ndani ya injini. Vali ya pili, iliyo karibu na kopo, huingiza hewa safi.

Magari yaliyouzwa Marekani tangu mwaka 1996 yana kompyuta inayoupima mfumo huo yenyewe, kwa kawaida gari likiwa limewashwa baada ya kulala usiku kucha na tangi likiwa si tupu wala si tele. Kompyuta hiyo hugundua tundu la milimita 1, na katika magari mengi ya baada ya mwaka 2000 hata la nusu milimita. Ndiyo maana pua yako inaweza isisikie harufu yoyote, na taa ikawaka.

Hasara yake si ndogo. Jimbo la Texas lilifuta ukaguzi wa usalama kwa magari ya binafsi mwaka 2025, lakini kipimo cha moshi kimebakia katika kaunti zenye miji mikubwa, ikiwemo Harris, yenye jiji la Houston. Gari lenye taa iliyowaka halipiti, na lisipopita usajili wake haufanywi upya.

Basi anza na kilicho rahisi, yaani mfuniko wa tangi. Ufungue, uitazame raba yake ya duara: kama imepasuka, imekauka au imelala bapa, nunua mwingine wa aina ileile ya gari lako, bei yake kwa kawaida haifiki dola 30. Utazame pia mdomo wa tangi kama una kutu, kwani raba mpya juu ya kutu haizibi kitu. Ukifunga, zungusha mpaka usikie mlio. Taa haitazimika papo hapo. Huenda ikachukua siku kadhaa za kuendesha.

Ikikataa kuzimika, isomeshe kompyuta. Maduka mengi ya vipuri husoma namba ya hitilafu bila malipo. P0457 huelekeza kwenye mfuniko, P0455 ni mvujo mkubwa, P0442 mdogo, na P0456 mdogo zaidi. Namba hizi hutaja ugonjwa, hazitaji kiungo. Fundi anayeisoma P0442 na papo hapo kukuuzia kopo la mkaa la mamia ya dola anabahatisha kwa fedha zako.

Dalili nyingine husema zaidi. Gari linalogoma kuwaka kila mara baada ya kujazwa mafuta, mara nyingi vali yake ya upande wa injini imekwama wazi. Ile pampu ya kituoni inayojikata kila baada ya sekunde chache huashiria njia ya hewa iliyoziba. Na vizibo vyake ni vya ajabu: mwaka 2011 kampuni ya Mazda iliyaita magari yapatayo 50,000 ya aina ya Mazda6 nchini Marekani kwa sababu buibui walikuwa wakitanda utando ndani ya mrija wa hewa, jambo ambalo lingeweza kulipasua tangi.

Tundu lisiloonekana hutafutwa kwa moshi. Fundi huingiza moshi wa mashine katika mfumo kwa shinikizo dogo sana, akaifunga vali ya hewa, kisha akamulika taa chini ya gari na kungoja. Pale moshi unapochungulia, kwenye mrija uliopasuka au kiungio kilicholika kwa chumvi ya barabarani, ndipo penye kazi. Baadhi ya gereji hutoza zaidi ya dola 100 kwa kipimo hiki, na kwa maoni yangu ni fedha zilizotumika vyema kuliko kubadilisha vipuri kimoja baada ya kingine. Usijaribu nyumbani kwa pampu ya matairi: upepo wake ni mkali mno kwa tangi, nao ukichanganyika na mvuke waweza kulipuka.

Kuhusu hatari, ukisikia harufu kali ya petroli au kuona matone chini, hilo si suala la taa tena. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni, na gereji nyingi za nyumbani zina mtungi wa gesi wa kuchemshia maji wenye mwali usiozimika. Lisukume gari nje bila kuliwasha.

Mwisho, msikubali taa ifutwe asubuhi ya kipimo. Kufuta huondoa pia kumbukumbu ya vipimo vya ndani, na mashine ya kituoni huliona hilo, gari likarudishwa. Baada ya matengenezo liendesheni kwa siku kadhaa, mjini na katika barabara kuu, tangi likiwa karibu nusu, ndipo mlipeleke.