Mjamzito hubeba hadi mjukuu
Nikipita Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo, humwona mama lishe mjamzito na sufuria kichwani. Huenda amebeba vizazi viwili tumboni. Mimba ya mtoto wa kike ikifika miezi mitano, ovari za mtoto huyo zina mayai machanga milioni 6 hadi 7, na vimeng'enya vya kutengeneza homoni vimekwishaonekana humo. Akizaliwa, yamebaki milioni 1 hadi 2. Basi yai lililokuzaa wewe lilianzia tumboni mwa bibi yako, mzaa mama. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 humpa mwajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84, yenye malipo. Mama lishe hana mwajiri. Nasema, mume wake amtue sufuria.