Utarudi Lini?

Leo nataka kusema na wale wanaofikiria kurudi masomoni: mwalimu mwenye shahada ya kwanza, muuguzi, karani wa benki, mhandisi wa barabara, ambaye amekwisha kufanya kazi miaka mitatu au minne na sasa moyo unamwambia aende akasome shahada ya uzamili. Nasema pia na wazazi wake, na mkewe au mumewe, maana karo ya masomo hayo haitoki mfuko mmoja.

Somo letu ni kitabu cha Nehemia, sura ya pili. Nehemia alikuwa mnyweshaji wa mfalme Artashasta huko Shushani. Kazi yake ilikuwa nzuri, na wengi wetu tungeishika tukashukuru. Habari za kuta za Yerusalemu zilizobomoka zilimfikia katika mwezi wa Kisleu, lakini hakumwendea mfalme kesho yake. Alikaa akifunga na kuomba hata mwezi wa Nisani, yaani kama miezi minne. Ndipo mfalme akamwuliza ana haja gani. Naye alipokwisha kusema, mfalme, malkia akiwa ameketi karibu naye, akaongeza swali jingine: safari yako itakuwa ya muda gani, nawe utarudi lini?

Nehemia hakubabaika. Akataja muda. Tena akaomba barua kwa maliwali wa ng'ambo ya Mto wampe njia, na barua kwa Asafu, mtunza msitu wa mfalme, ampe miti ya malango, ya ukuta, na ya nyumba atakayokaa mwenyewe. Hata mahali pa kulala alikuwa amepahesabu! Mtu wa namna hiyo alikuwa ameomba kwa bidii, lakini naona kwamba katika miezi ile minne alikuwa amepiga hesabu pia.

Sasa, msikilizaji, maswali ya mfalme yule yangali yanaulizwa. Ufadhili wa Chevening, ambao serikali ya Uingereza imekuwa ikiutoa tangu mwaka 1983, humtaka mwombaji awe amefanya kazi muda wa kutosha, aeleze mpango wake wa kazi baada ya masomo, na akubali kurudi kwao na kukaa si chini ya miaka miwili. Kwa maneno mengine: Una haja gani? Utarudi lini? Vyuo vingi navyo hudai barua ya kueleza kusudi la mwombaji, na hapo ndipo vijana wetu wengi hukwama. Huja kwetu wachungaji wakitaka tuwashuhudie tabia. Ukimwuliza kijana, "Mwanangu, unakwenda kusomea nini?" hujibu, "Baba Mchungaji, masomo ya juu." Masomo ya juu ni ngazi, nimeuliza nyumba.

Chukua mwalimu wa kemia katika shule ya sekondari. Akisoma uzamili wa usimamizi wa elimu, njia yake inaelekea ofisi ya mwalimu mkuu, au ukaguzi wa shule. Akisoma uzamili wa kemia yenyewe, inaelekea maabara, utafiti, na pengine kufundisha chuo kikuu. Lakini hapo ajue kwamba uzamili peke yake hautoshi, atatazamiwa kuendelea hadi uzamivu, na hiyo ni miaka mingine. Njia zote mbili ni za heshima. Lililo baya ni kushika moja kwa sababu jirani ameishika, kisha kugundua katikati ya tasnifu kwamba uliitaka ile nyingine. (Wako pia wanaosoma ili waitwe "Daktari" katika mikutano ya arusi. Hao sina neno nao leo.)

Kwa hiyo anza na jambo, si na chuo. Tazama marehemu Profesa John Mbiti, mzaliwa wa Kitui, aliyefariki mwaka 2019. Alipata uzamivu wake huko Cambridge mwaka 1963. Alikwenda mbali, lakini swali alilolichunguza lilitoka nyumbani: mafundisho ya Agano Jipya juu ya mambo ya mwisho yanasikikaje masikioni mwa Mkamba, mwenye mawazo yake juu ya wakati uliopita na wakati ujao? Kazi hiyo ilitolewa kuwa kitabu mwaka 1971. Tangu mwaka 1964 alifundisha Makerere kwa miaka kumi, na hata uzeeni, mwaka 2014, ikatoka tafsiri yake ya Agano Jipya katika Kikamba, aliyoifanya kutoka Kiyunani. Mtu mwenye swali lake mwenyewe hakosi la kuandika katika ile barua ya kusudi.

Turudi kwa Nehemia. Alipofika Yerusalemu alikaa siku tatu, kisha akaondoka usiku na watu wachache, akazikagua kuta asimwambie mtu. Fanya vivyo hivyo kabla hujatangaza kanisani tuje kwenye harambee. Tafuta watu wawili watatu waliosoma somo hilo, uwaulize walimaliza baada ya miaka mingapi. Kwa karatasi uzamili huwa ni miaka miwili. Lakini wapo wengi wanaomaliza madarasa upesi kisha tasnifu ikalala, kwa kuwa msimamizi hapatikani, au fedha za utafiti zimekwisha, au mwanafunzi amerudi kazini na jioni amechoka. Uliza ni nani atakayekusimamia, usome alichoandika, ujue kama jambo lako ni lake. Uliza kama shahada ya chuo hicho inatambuliwa hapa Kenya, hasa ikiwa ni cha nchi za nje. Uliza kama mwajiri wako atakupa ruhusa ya masomo, na kama baadaye utafungwa kumtumikia miaka kadhaa.

Ndipo uje kwenye fedha, na hapa nasema na nyumba nzima. Karo ni sehemu tu. Iko kodi ya chumba, nauli, kupiga chapa tasnifu, na mshahara utakaokosekana ukiacha kazi. Baba akiuza ng'ombe wawili au kipande cha shamba, ndugu wadogo walio sekondari watalipiwa na nini? Mama akienda kusoma Nairobi, watoto watalala kwa nani? Mambo haya yasemwe mezani, mkiwa mmeketi, yaandikwe, na kila mmoja ajue ameahidi nini. Nimeona ndoa zikiyumba si kwa sababu mmoja alisoma, bali kwa sababu mwenzake hakuambiwa itachukua muda gani. Malkia aliposikia swali lile la mfalme, alisikia na jibu lake.

Mtu ataniuliza, "Je, mpango ukivunjika?" Hayati Profesa Wangari Maathai alirudi nchini mwaka 1966, akiwa na uzamili wa biolojia kutoka Pittsburgh na barua ya kuahidiwa kazi chuoni Nairobi. Alipofika akaambiwa nafasi ile amepewa mtu mwingine. Baadaye Profesa Hofmann, Mjerumani wa Giessen, akampa kazi katika idara ya anatomia ya mifugo. Haikuwa kazi aliyoahidiwa, lakini ujuzi wa maabara aliokuwa nao ulifaa. Mwaka 1971 akapata uzamivu, mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na ya Kati. Tena ni wakati wa kuchunguza kupe wa ng'ombe mashambani alipoona udongo unavyochukuliwa na mito, na mwaka 1977 akaanza kupanda miti. Mpango ulibadilika mara mbili, lakini alikuwa na kitu mkononi cha kubadilisha.

Basi jioni hii chukueni karatasi. Andikeni haja yenu kwa sentensi moja ambayo bibi yenu angeielewa, kisha muda, kisha gharama, kisha siku ya kurudi na kazi mtakayoirudia. Mkiisha kuisoma pamoja nyumbani na kuiombea, leteni nakala kwa mchungaji wenu mnapokuja kumwomba barua, naye atajua la kuandika.