Chepkoech, Binti wa Alfajiri

Somo: Marko 16:1-8



Hapa kwetu Kericho na Bomet jina la mtoto ni habari. Ukisikia Chebet, wajua alizaliwa mchana. Cherotich alizaliwa jioni, ng'ombe wakirudi zizini. Chepkemoi ni wa usiku. Che au Chep yatuambia kuwa ni msichana; kwa mvulana twasema Kibet, Kiprotich, Kipkemoi. Leo na tulitafakari jina Chepkoech, yaani msichana aliyezaliwa kulipopambazuka.

Jina hili ni fupi, lakini limebeba usiku mzima. Mtoto wa alfajiri mara nyingi ni mtoto ambaye mama yake alikesha kwa uchungu, na wanawake wenzake wakakesha pamoja naye. Kila tumwitapo Chepkoech, twakumbuka kwamba usiku ule ulikuwa na mwisho.

Lakini liko jambo la kusikitisha. Wazazi wengine waletapo mtoto kubatizwa, huliacha jina hili nje ya mlango wa kanisa, kana kwamba ni la kipagani. Nao mabinti wengine wakienda shule za mbali hulificha kwa herufi moja tu, C.

Wapendwa, tusidhani kwamba kila jina geni ni la Kikristo. Joyce ni jina zuri, lakini hutalikuta katika Biblia. Na majina ya Biblia yenyewe yalitolewaje? Musa aliitwa hivyo kwa kuwa alitolewa majini. Isaka ni kicheko. Hana alimwita mwanawe Samweli kwa sababu alimwomba kwa Bwana. Watu wa Mungu walitaja yale waliyoyaona, kama wazee wetu walivyofanya.

Tena tazameni somo letu. Wanawake walikwenda kaburini mapema sana, jua likichomoza. Walikuwa wametoka katika usiku wa msiba, na alfajiri hiyo wakapewa habari ya ufufuo kabla ya mitume. Je, kuna jina lililo karibu na habari hiyo kuliko Chepkoech?

Tarehe 20 Julai 2018, mjini Monaco, Beatrice Chepkoech alikimbia mita 3,000 kuruka viunzi na maji kwa dakika 8 na sekunde 44.32, akaweka rekodi ya dunia. Majina yake yote mawili yalitangazwa, wala hakuna lililomwaibisha mwenzake.

Basi, wazazi, tukiulizwa jina la mtoto penye maji ya ubatizo, tuyataje yote mawili kwa sauti. Nawe Chepkoech, uendaye kuchuma chai umande ungali juu ya majani, au uketiye ofisini mjini, mwulize mama yako usiku ule ulikuwaje. Kisha liandike jina lako lote.

Na tuombe. Ee Bwana, utujuaye kwa majina yetu, uwakumbuke wote ambao usiku wao haujakwisha, uwafikishe alfajiri. Amina.