MASHINE KUUKUU YA SEREMALA: ISOME KWANZA, NDIPO UIWASHE

(Mazungumzo kwa vikundi vya maseremala wa vijijini)



Tumeombwa tuzungumze juu ya mashine kuukuu za useremala, hasa zile zinazofanya kazi nyingi kwa mota moja. Sisi nasi ni maseremala wa kikundi kama ninyi, na mashine yetu ni ya namna hiyo hiyo. Ndiyo inayotupatia riziki.

Mashine hizi zikoje? Ni chuma kimoja chenye kazi nne au tano. Inapasua mbao kwa msumeno wa duara, inaranda, inasawazisha unene, inatoboa matundu, na nyingine inachonga urembo wa pembeni. Uingereza, Ufaransa, Ubelgiji, Austria na Italia wamezitengeneza kwa ajili ya karakana ndogo. Marekani nako, mwaka 1947, ilianza kuuzwa Shopsmith ya Hans Goldschmidt. Hiyo ilikuwa msumeno, mashine ya kukereza, keekee ya kusimama, keekee ya kulala na sahani ya msasa, vyote kwa mota moja.

Nyingi za zamani zina meza za chuma cha kusubu, kizito, kisichotetemeka ovyo. Kwa hiyo mashine ya miaka 40 bado yaweza kuranda mninga ukang'aa. Wazee husema cha kale ni dhahabu. Sawa. Lakini dhahabu hiyo hiyo imekata vidole vya watu, na imekula fedha za vikundi vilivyonunua kwa kutazama rangi tu.

Neno letu la leo ni moja: mashine nayo inasomwa. Imeandikwa mwilini mwake. Sisi tuliojifunza kusoma na kuhesabu ukubwani, hapa ndipo elimu yetu inapolipa.

KABLA YA KULIPA

Kwanza, tafuta nyufa. Kutu ya juu isikutishe, inatoka. Lakini ufa katika meza ya chuma cha kusubu ni ugonjwa mbaya, maana kuuchomelea ni kazi ngumu na meza huweza kupinda. Iache mashine hiyo.

Pili, laza rula ndefu ya chuma juu ya meza, uchungulie chini yake. Ukiona mwanga mwingi katikati au pembeni, meza imepinda. Mbao zako nazo zitatoka zimepinda.

Tatu, ondoa mkanda, zungusha shafti kwa mkono. Ikikoroma, beringi zimechoka. Hilo siyo kubwa, beringi hununuliwa. Shafti yenyewe ikiwa imeliwa au imepinda, hiyo ni gharama nyingine.

Nne, tazama kichwa kinachoshika visu vya randa. Kiwe cha mviringo. Kikiwa cha mraba kikatae, kwa sababu mkono ukiteleza kinauvuta ndani.

Tano, hesabu vipande. Vifuniko vya msumeno na visu viko wapi? Ile kabari nyembamba inayosimama nyuma ya msumeno ipo? Kazi yake ni kuzuia mbao isiubane msumeno na kurushwa kifuani kwa fundi. Muuzaji akisema, "Hiyo haina kazi," mwambie apunguze bei, kisha mtengenezeshe nyingine kabla ya kupasua hata ubao mmoja.

KIBAO CHA MOTA KINASEMA NINI

Kila mota ina kibao kidogo cha bati. Kifute vumbi, ukisome polepole.

Herufi V ni nguvu ya msukumo wa umeme. Hapa Tanzania umeme wa fezi moja ni volti 230, na wa fezi tatu ni volti 400. Herufi Hz kwetu ni 50. Ukikuta 120 V na 60 Hz, hiyo ni mota ya Marekani. Usiichomeke. Mtu atauliza, "Je, tukiweka transfoma?" Transfoma hupunguza volti, lakini haibadili ile 50 kuwa 60. Mota itazunguka polepole kwa kama sehemu moja ya sita, na itapata joto kupita kiasi.

Tazama pia kama ni ya fezi tatu. Kama kijijini kwenu fezi tatu haijafika, ulizeni kwanza gharama ya kubadili mota, ndipo mpatane bei. HP ni nguvu ya farasi, na HP 1 ni wati 746. Mota ya HP 3 ni kama wati 2,200.

Rangi za waya nazo zina hatari yake. Katika mashine za zamani za Uingereza, nyekundu ni waya wa moto, nyeusi ni nyutro, kijani ni wa ardhini. Siku hizi kahawia ni wa moto, buluu ni nyutro, kijani chenye mistari ya njano ni wa ardhini. Lakini katika mashine za Marekani, nyeusi ndiyo ya moto! Kwa hiyo msikisie. Mwiteni fundi umeme apime kila waya. Na waya wa ardhini usikosekane kabisa, maana mashine yote ni chuma.

NAMBA ZA BERINGI

Beringi imeandikwa namba ubavuni, kwa mfano 6204 au 6205. Chukua tarakimu mbili za mwisho, zidisha kwa 5. Utapata upana wa tundu kwa milimita. 04 mara 5 ni 20. 05 mara 5 ni 25. Hesabu hii ni ya beringi za namna hiyo, kuanzia 04 kwenda juu.

Lakini soma namba yote. 6205 na 6305 zote zina tundu la milimita 25, ila ya kwanza upana wake wa nje ni milimita 52, na ya pili ni 62. Ukienda dukani na namba kamili hurudi mara mbili, nauli imebaki mfukoni. Ukiona pia 2RS, maana yake imefunikwa kwa mpira pande zote mbili. Hiyo ndiyo inayofaa kwetu, kwa sababu unga wa mbao ni adui wa beringi. Wakati wa kuivisha shafti, sukuma pete ya ndani. Usigonge pete ya nje kwa nyundo, utaiua ikiwa mpya.

HESABU YA KASI

Hapa wengi hubahatisha. Tuseme mota inazunguka mara 1,440 kwa dakika, na puli yake ina milimita 150. Puli ya msumeno ina milimita 75. Zidisha 1,440 kwa 150, gawanya kwa 75. Jibu ni 2,880.

Sasa fundi mwenye haraka anaweka puli ya milimita 50 kwenye msumeno ili upasue upesi. Kasi inafika 4,320. Sahani ya msumeno imeandikwa MAX 4,000. Je, ninyi mngesimama karibu nayo? Sisi hatusimami.

SWICHI INAYOKUMBUKA KUZIMA

Umeme wetu hukatika. Mashine yenye swichi ya kawaida, umeme ukirudi, huanza yenyewe, na huenda wakati huo mkono wa mtu uko kwenye visu. Wekeni swichi inayojiachia umeme ukikatika, isiwake tena mpaka mtu abonyeze. Fedha ya swichi hiyo msiionee uchungu.

UTUNZAJI WA KILA SIKU

Kutu ya meza iondoeni kwa msasa laini na mafuta ya taa, mbali na moto, plagi ikiwa imechomolewa. Kausheni vizuri, kisha pakeni nta. Hata mshumaa unafaa. Mbao itateleza bila kusukumwa kwa nguvu, na mtu asiyesukuma kwa nguvu hatelezi.

Visu vya randa vinolewe vyote pamoja na viwe na uzito sawa. Kimoja kikiwa kizito, kichwa hutetemeka na beringi huharibika. Kila kukibadilishwa kitu, chomoeni plagi kwanza.

Mbao fupi zisukumwe kwa kijiti, siyo kwa vidole. Shati lisilofungwa vifungo, khanga inayoning'inia na glavu visikaribie mashine. Watoto nao wakae mbali.

Zibeni pua na mdomo kwa barakoa nzuri. Mwaka 1995 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani alitangaza kwamba vumbi la mbao linasababisha saratani kwa binadamu. Fagieni jioni, msiache vumbi mpaka kesho.

Mwisho, wekeni daftari la mashine. Andikeni tarehe, namba ya beringi, namba ya mkanda, siku ya kunoa, na jina la aliyefanya kazi. Fundi mmoja akihama kijiji, ujuzi usihame naye. Mkikwama, waulizeni mafundi wa SIDO au walimu wa VETA.

Ndugu, usipoziba ufa utajenga ukuta, na kidole kilichokatika hakijengwi. Kesho mkiamka, chukueni kitambaa na kalamu. Futeni kibao cha mota, na mwandike yote kinachosema.