Maisha Baada ya Kisu: Mintarafu ya Tezi Ndogo za Shingoni na Watu wa Kando ya Ziwa

Raia wa Mwanza, mmekubali kupanda kilima cha Bugando jioni hii kuja kusikiliza habari za tezi ambazo wengi wetu huishi hata kufa pasipo kujua kwamba tunazo.

Tezi hizo, zinazoitwa parathairoidi, kwa kawaida ni nne, kila moja ukubwa wake takriban punje ya mchele, nazo zimejibanza nyuma ya tezi ya thairoidi, ile ambayo ikivimba watu husema fulani ana rovu. Na kwa udogo wake zilichelewa sana kujulikana, hata ikawa hapana aliyezieleza sawasawa katika mwili wa binadamu mpaka mwaka 1880, alipochapisha maelezo yake Ivar Sandström wa Uppsala, Uswidi, ambaye alizigundua angali mwanafunzi wa utabibu. Kazi ya tezi hizi ni kuitawala kalsiamu. Katika kila sehemu mia za madini hayo mwilini, tisini na tisa zimo katika mifupa na meno, na ile moja iliyobaki, inayotembea katika damu na nyama, ndiyo inayoamua kama moyo utapiga kwa taratibu, kama misuli italegea baada ya kukaza, na kama akili itatulia. Tezi moja ikifanya uvimbe, na aghalabu huwa ni moja tu, tena uvimbe usio wa saratani, huiamuru mifupa itoe akiba yake usiku na mchana. Hapo mifupa huwa myepesi na kuvunjika kwa sababu hafifu, mafigo hufanya mawe, tumbo hufunga, kiu haikatiki, na mtu huingiwa na uchovu na huzuni ambavyo jamaa zake huvidhania uvivu au mambo ya kijicho.

Dawa yake iliyo ya yakini ni kisu. Felix Mandl wa Vienna alikuwa wa kwanza kuuondoa uvimbe wa namna hii kwa azma ya kuponya mifupa, mwaka 1925, na mgonjwa wake, mfanyakazi wa tramu aliyekuwa hawezi tena kutembea, alipata nafuu iliyowastaajabisha watu, ingawa miaka michache baadaye maradhi yalimrudia. Mashuhuri zaidi ni habari ya nahodha Charles Martell, Mmarekani wa meli za biashara, ambaye kimo chake kilipungua inchi saba kwa jinsi mifupa ya mgongo ilivyojikunja, akapasuliwa mara saba kati ya mwaka 1926 na 1932. Mara sita za kwanza hawakuuona uvimbe, na mara ya saba, huko Boston, wakaukuta umejificha ndani ya kifua chake. Kwa hesabu ya chumba cha upasuaji huo ulikuwa ushindi. Wiki sita hivi baadaye nahodha alifariki, baada ya kupasuliwa tena kwa ajili ya jiwe la figo, koo lake likiwa limekazwa na upungufu wa kalsiamu ile ile iliyokuwa imemzidi miaka yote hiyo.

Nimeileta habari hii kwa sababu ndani yake limo shauri langu zima: kwamba upasuaji wa tezi hizi hauhukumiwi siku kidonda kinaposhonwa, wala siku karatasi ya maabara inaporudi na namba njema, bali nyumbani, miezi na miaka baadaye, kwa kutazama mtu amerudia kazi zipi na amezikosa zipi, na kwamba watu wa kando ya Ziwa hawatajulikana hali zao kwa maswali yaliyotungwa kwa ajili ya watu wa mbali.

Mbele yetu katika njia hii alikwenda Theodor Kocher wa Bern, Uswisi, ambaye alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1909. Alikuwa amekata marovu mengi, na vidonda vikapona vizuri. Lakini alipowaita tena wagonjwa wake wa zamani ili awatazame, aliwakuta wengi wa wale walioondolewa tezi nzima ya thairoidi wamepumbaa, nyuso zimevimba, na walio watoto wamedumaa, naye akayatangaza hayo hadharani mwaka 1883 bila kujikinga. Katika mizani yangu, fadhila ya Kocher si wepesi wa mkono wake, kwani wepesi wa mkono wanao wengi. Ni kule kuwaita watu waliokwisha kuruhusiwa.

Sasa, mtu akiitwa, aulizwe nini? Lipo dodoso linalotumika duniani kote, lenye maswali 36, ambalo lilitolewa kwa Kiswahili kwa matumizi ya Tanzania na kuelezwa katika jarida la wataalamu mwaka 1999, nami nalitumia na kulishukuru. Lakini asili yake ya Kimarekani humuuliza mtu kama anaweza kusukuma mashine ya kufyonza vumbi, kucheza gofu, na kupanda ngazi za ghorofa. Mama wa Mabatini hapandi ghorofa. Hupanda njia ya mawe na ndoo ya maji kichwani, na mtoto mgongoni, mara kadhaa kwa siku, na mvua ikinyesha mawe yale huteleza. Nataka kujua kama aweza kuinama tangu alfajiri hata jua kali akianika dagaa pale Igombe, na kama mumewe aweza kukesha akivuta nyavu usiku usio na mbalamwezi. Nataka kujua kama mzee aweza kusujudu akainuka pasipo kushikwa mkono, na kama bibi wa Kisukuma aweza kupiga magoti kuwaamkia wakwe zake kama adabu inavyodai, maana mwanamke anayeshindwa kupiga magoti kwa maumivu ya mifupa hana neno la kujitetea mbele ya watu wasiojua maradhi yake. Kadhalika sauti. Mishipa ya fahamu inayoendesha sauti hupita jirani kabisa na tezi hizi, na kisu kikiigusa mtu hubaki na sauti ya kukwaruza; jambo hilo kwa karani ni udhia, lakini kwa mchuuzi wa Mwaloni Kirumba, ambaye mtaji wake nusu ni fedha na nusu ni kuita wanunuzi, ni hasara ya kila siku, na kwa mwalimu, mwadhini au mwanakwaya sihitaji kueleza.

Yafaa niseme wazi kwamba wagonjwa wetu si sawa na wale wa vitabuni. Tangu miaka ya 1970 mashine za maabara za Ulaya na Marekani zimekuwa zikipima kalsiamu ya kila mtu pamoja na vipimo vingine, kwa hiyo huko maradhi haya hugunduliwa kwa watu wasiojijua kuwa wagonjwa. Na mwaka 2007 matabibu wa Skandinavia, waliokuwa wamegawa kwa bahati nasibu wagonjwa 191 wa namna hiyo, wengine wapasuliwe na wengine waangaliwe tu, hawakuona kuwa kisu kimewazidishia raha ya maisha katika miaka miwili ya kwanza. Naliheshimu jambo hilo, na sitamwahidi mtu mwenye maradhi hafifu kwamba ataamka kijana. Lakini kipimo cha kalsiamu kwetu si cha kila siku, na anayefika kwetu kutoka Mara, Kagera, Simiyu au Geita aghalabu huletwa na mfupa uliovunjika, na taya lililovimba, au na jiwe la tatu la figo. Mtu huyo akipasuliwa vyema, nafuu yake haihitaji dodoso ili ionekane.

Na wapo wengi zaidi ambao tezi hizi ndogo huguswa kwa sababu ya rovu. Ingawa sheria ya chumvi yenye madini joto, iliyoanza katikati ya miaka ya 1990, imepunguza marovu mapya, yale ya zamani bado yanakuja, nayo yakikatwa, tezi za parathairoidi huweza kukosa damu au kuondolewa pamoja na nyama, hata mtu aliyeingia na kalsiamu njema akatoka hana.

Upungufu huo una dalili ambazo ningependa kila familia izijue kabla ya kuruhusiwa: ganzi na mchomo kuzunguka midomo na katika ncha za vidole, kisha mikono kukakamaa, vidole vikijikusanya pamoja, na kwa yule ambaye mifupa yake ilinyonywa muda mrefu, siku ya pili hata ya nne baada ya upasuaji huwa nzito zaidi, kwani mifupa hujitwalia kwa pupa madini iliyonyang'anywa, hali ambayo Fuller Albright wa Boston aliiita njaa ya mifupa. Vidonge vya kalsiamu kaboneti vinywewe pamoja na chakula, ndipo hufyonzwa vizuri. Dagaa wetu, kwa kuwa huliwa mzima na mifupa yake, ni chakula chema kwa jambo hili, na maziwa ya mgando hali kadhalika, nami huyasifu yote mawili. Ila yasichukuliwe badala ya dawa. Kadhalika jua. Mtu asiye na homoni ya tezi hizi, mafigo yake hayawezi kuikamilisha barabara vitamini D inayotokana na jua, na kwa hiyo humlazimu kupewa ile iliyokwisha kukamilishwa, yaani kalsitrioli, hata kama hushinda mtumbwini kutwa.

Lililobaki ni safari. Damu lazima ipimwe tena na tena katika majuma ya mwanzo, na mgonjwa wa Sengerema, ambaye tangu mwaka 2025 huvuka kwa daraja la Kigongo–Busisi badala ya kungoja kivuko, amepunguziwa adha; lakini wa Ukerewe angali akitegemea meli, na nauli ya kwenda na kurudi, pamoja na ya mtu wa kumsindikiza, kwa wengine huzidi bei ya vidonge. Namna iliyo karibu nasi ni kwamba karatasi ya ruhusa iandikwe kwa Kiswahili, itaje dalili nilizozitaja, kiasi cha vidonge, na nambari ya simu ya wodi ambayo hupokewa hata usiku. Na kwamba muuguzi mmoja apewe orodha ya waliopasuliwa, awapigie baada ya miezi mitatu, sita na kumi na miwili, awaulize habari za ndoo, za magoti, na za sauti, naye ayaandike majibu kama alivyoyasikia.

Maswali nitayapokea sasa, na kwa idhini ya Mwenyekiti nitaanza na ya wauguzi, maana wao ndio huitwa saa nane za usiku mgonjwa anaposema vidole vyake vimekufa ganzi.